Mvua ya Mawe Iliyolenga Gari Moja

"Gari letu halijui kovu!" Mokeira aliwaambia wenzake wa Gredi ya Saba walipokuwa wakitoka shuleni. "Limefundisha watu wa kila aina. Wenye kutetemeka, wenye kufumba macho, hata yule mwalimu wa kwaya aliyekuwa akisali kila akiona kona. Lakini halijawahi kukwaruzwa hata na tawi la chai. Na halitawahi!"

Wenzake walicheka. Mokeira alikuwa na mdomo usiolala, lakini safari hii nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Baba yake, Joab Nyang'au, alikuwa mwalimu wa udereva hapo Sosiot. Gari lake dogo jeupe lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine yake mwenyewe, na juu ya paa kulikuwa na kibao chenye herufi L nyekundu. Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kwenye mashamba ya chai, Joab alilizunguka gari lake kama daktari anayezunguka wodi. Alibonyeza magurudumu, akawasha taa, akajaribu breki. Kazi ya Mokeira ilikuwa kupangusa vioo kabla ya kwenda shule.

"Vioo visipoonyesha, dereva ni kipofu mwenye leseni," baba yake alipenda kusema.

Kila mwaka, wakati wa kulipia bima ulipofika, ajenti alimpunguzia Joab malipo kwa kuwa hakuwahi kudai fidia hata mara moja. Na alilipia bima kamili, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, si ile ya lazima tu inayomlipa uliyemgonga. Punguzo hilo alijivunia kama wengine wanavyojivunia kombe la mpira.

Sasa tuone jinsi gari lililonusurika mikononi mwa wanafunzi wote wa Sosiot lilivyoumizwa likiwa limeegeshwa.

Ilikuwa Jumamosi. Baba na mama walikuwa wamekwenda kwenye mazishi Roret kwa gari la kanisa, na Mokeira akabaki nyumbani na rundo la nguo za kufua. Alifua soksi mbili. Kisha akakumbuka densi mpya ambayo kila mtu darasani alikuwa ameirekodi isipokuwa yeye. Akachukua simu kuukuu ya mama yake, akaiegemeza kwenye mtungi wa maziwa, akatazama huku na huku akitafuta jukwaa.

Jukwaa lilikuwa pale uani, jeupe, linang'aa.

Alivua viatu kwanza, kwa heshima. Akapanda boneti, kisha paa. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Kwenye ile ya kuruka na kugeuka, paa lililia "bum!" likabonyea chini yake kama sufuria ya bati. Mokeira akashtuka, akateleza, na kisigino chake kikatua katikati ya kioo cha mbele. Ufa ukakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kibao cha L kikaanguka kwenye matope.

Alishuka polepole. Hakuna aliyemwona, alidhani. Alifuta video, akarudisha kibao, akajaribu kulisukuma paa kutoka ndani kwa mikono, kisha kwa kichwa. Paa halikusikia.

Alasiri radi ikanguruma, na wingu jeusi likaning'inia ng'ambo ya bonde. Nyumbani kwao yalidondoka matone machache tu. Lakini wazazi wake waliporudi, mama alikuwa bado anashangaa.

"Pale njia panda, barabara nzima ilikuwa nyeupe pepepe! Mvua ya mawe kama mtu amemwaga chumvi!"

Mokeira hakuwa amepanga kusema chochote. Mdomo ulimtangulia.

"Hata huku, mama! Ilinyesha! Ilipiga gari la baba!"

Joab alikimbia uani. Alilitazama paa, akautazama ule ufa mrefu. Mokeira alingoja ngurumo ya pili ya siku. Badala yake baba yake aligeuka, akamshika mabega, akamwangalia kichwa na mikono.

"Wewe ulikuwa ndani? Haikukupiga?"

"Nilikuwa ndani, baba."

"Basi asante Mungu. Afadhali gari kuliko wewe."

Usiku ule Mokeira alikula kidogo. Kama baba angemgombeza, pengine angesema kweli. Lakini utamwambia nini mtu anayemshukuru Mungu kwa sababu yako?

Jumatatu Joab alimpigia simu ajenti wa bima. Akaambiwa ajaze na kutia sahihi fomu ya dai, apige picha, asitengeneze chochote, na amngoje mkaguzi atoke Kericho. Aliulizwa pia kama kuna aliyeshuhudia.

"Yupo," Joab alisema, akimtazama Mokeira kwa fahari. "Binti yangu aliona yote."

Juma zima gari halikuondoka. Joab alikataa kuliendesha likiwa na ufa. "Asubuhi na ukungu huu, taa za lori zikigonga ufa unaona malori matatu," alisema. "Utakwepa lipi?" Kwa hiyo wanafunzi walikaa sebuleni, wakizunguka ubao uliochorwa barabara za mji, wakisukuma vigari vya plastiki. Mmoja wao, kijana aliyeitwa Vinny, alikuwa afanye mtihani wa udereva hivi karibuni, na kazi ya kuendesha pikapu ya kupeleka mboga ilikuwa ikimngoja akifaulu.

"Mwalimu, nitafaulu vipi kwa gari la plastiki?" Vinny aliuliza.

"Vumilia. Bima wakilipa, tunarudi barabarani."

"Na nikigonga gari la mtu nifanye nini?"

"Simama. Usikimbie. Angalia kama kuna aliyeumia, ita polisi, halafu sema ulichofanya. Si ulichotamani kuwa umefanya, ulichofanya."

Mokeira alikuwa akipitisha chai. Kikombe kimoja kilimwagika.

Hata hivyo alijipa moyo. Bima wana pesa, alijiambia. Nani ataumia? Baba atapata kioo, Vinny atapata gari, na mimi nitapata usingizi. Ilionekana hesabu nzuri kabisa, ila usingizi haukuja.

Mkaguzi alifika Jumamosi iliyofuata. Alikuwa mwanamke mpole aliyevaa gambuti, jina lake Bi Shirley Gachanja. Alipitisha kiganja juu ya paa, akachuchumaa, akatazama boneti kwa upande. Kisha akaketi kwenye kigoda uani, Joab kando yake.

"Haya, mama mdogo," alimwambia Mokeira. "Nasikia wewe ndiye uliyeona. Mawe yalikuwa makubwa kiasi gani?"

"Kama mayai," Mokeira alijibu. Bi Shirley alionekana kuvutiwa, na hapo ndipo Mokeira alipopotea. "Ya bata! Yalikuwa yakidunda, tii! tii! Kuku wetu mmoja alizimia, akaamka baadaye akiwa hana raha."

"Pole yake. Na yalinyesha kwa muda gani?"

"Kama kipindi kizima cha Hisabati. Kile kirefu."

Joab alikunja uso kidogo. Habari za kuku alikuwa hajazisikia.

"Lakini," Bi Shirley alisema, akitazama nyumba, "mabati yenu hayana hata alama. Na boneti haina vishimo. Shimo ni moja tu, kubwa, katikati ya paa. Mawe mengine yalikwenda wapi?"

"Labda..." Mokeira aliyatazama mabati. "Labda hilo lilikuwa la mbele, likiongoza mengine."

Kabla Bi Shirley hajajibu, sauti ilibisha hodi langoni. Alikuwa jirani yao wa shamba la juu, bibi mzee Mkipsigis ambaye watoto wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Mgongoni alibeba kikapu kilichojaa majani mabichi ya chai, akielekea kituo cha kupima.

"Chamgei!" alisalimu. "Nasikia kuna mtu wa bima. Mnalipa hata chai?"

"Chamgei mising, Kogo," Joab alijibu. "Ni mambo ya gari tu. Ile mvua ya mawe."

"Ai, ile ilimaliza watu wa ng'ambo!" Kogo aliweka kikapu chini, akachota majani kwa mikono miwili. "Chai yao imechanikachanika kama sukuma wiki. Lakini sisi Mungu alitupitia. Ona hii! Hata jani moja halina tundu. Kutoka kwangu mpaka hapa kwenu, hata jiwe moja halikuanguka."

 Kuku, yule aliyezimia, alitembea katikati yao akiwa na raha zake zote.

Joab aligeuka taratibu. "Mokeira?"

"Labda... labda ni paka, baba. Paka mzito."

"Paka?" Kogo alicheka, asijue moto aliokuwa akiuchochea. "Si ni wewe nilikuona Jumamosi ile juu ya gari? Mimi nikichuma kule juu. Mikono hivi, kiuno hivi! Nikasema, huyu mtoto anafunga mzigo kwa namna gani?"

Machozi yalimtoka Mokeira kabla ya maneno. Lakini jambo lililomchoma zaidi lilikuwa uso wa baba yake. Joab hakumtazama yeye. Alimtazama Bi Shirley, kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani.

"Madamu," alisema, "mimi ndiye niliyetia sahihi dai lile. Sikujua. Lakini sahihi ni yangu. Naomba kuliondoa."

Mokeira aliinua uso. "Watamfunga baba?"

Bi Shirley alimwinamia. "Kudai fidia kwa uongo ni kosa, mtoto wangu. Watu hushtakiwa. Hata asiposhtakiwa, kampuni inaweza kumfutia bima, na bila bima gari hili haliruhusiwi barabarani. Baba yako angefundisha kwa vigari vya plastiki mpaka lini?" Alimgeukia Joab. "Hakuna pesa iliyotoka, na umeliondoa mwenyewe mara tu ulipojua. Nitaandika hivyo, jinsi nilivyoona."

"Asante sana."

"Na wewe, Mokeira, unafikiri pesa za bima ni za nani?"

"Za kampuni."

"Kampuni inakusanya tu. Kuna mama wa Silibwet anayelipia pikapu yake ya viazi. Kuna mwalimu, kuna mchungaji. Wote wanaweka kwenye chungu kimoja, ili yeyote akipatwa na ajali asibaki peke yake. Uongo ukichota humo, mwaka unaofuata wote wanaongezewa malipo. Ungemwibia yule mama wa viazi, na hata humjui." Alisimama, akapangusa gambuti zake. "Tena kuna jambo la kusikitisha. Kama mngetuambia ukweli siku ya kwanza, huenda tungewasaidia na kioo. Mtoto kuharibu kitu kwa bahati mbaya ni mambo ya kawaida. Ila uongo ukishaingia kwenye dai, unaliharibu lote."

Kioo kipya kilinunuliwa na Joab mwenyewe. Pesa za safari ya shule ya kwenda Nakuru, ambayo Mokeira alikuwa ameisubiri tangu muhula uanze, ziliishia kwenye kioo hicho. Fundi aliligonga paa kutoka ndani likarudi karibu na umbo lake, ingawa ukilitazama kwa upande utaona wimbi dogo.

Adhabu kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Siku gari lilipokuwa tayari, Joab aliwakusanya wanafunzi wake sebuleni.

"Hawa watu walipoteza masomo," alimwambia Mokeira. "Waeleze kwa nini." Kisha akatoka kwenda kupasha injini moto.

Mokeira alisimama mbele ya ule ubao wa barabara. Alieleza juu ya densi, paa, kisigino, na mvua iliyonyesha ng'ambo. Alipoona Vinny anatabasamu, ulimi wake ukapata mafuta kidogo.

"Basi mkaguzi alipofika," alisema, akijinyoosha, "nilimtazama machoni. Nikafikiria juu ya baba yangu. Nikasema moyoni, hapana, lazima niseme ukweli. Nikasimama mwenyewe, bila kuulizwa na mtu yeyote, nikakiri!"

"Kumbe una moyo!" Vinny alisema.

"Ninao."

Mtu alikohoa. Joab alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi.

"Bila kuulizwa na mtu yeyote," alirudia taratibu. "Mimi nilikuwepo, Mokeira. Nilikuwa nimeketi pale karibu nawe, na nilisikia habari za paka."

 Masikio ya Mokeira yaliwaka. Jibu la mzaha lilimjia, zuri kabisa, likafika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Sikukiri," aliwaambia wanafunzi. "Nilikamatwa. Kogo alisema aliniona, ndipo nikalia. Vinny, nisamehe. Wewe ndiye uliyekosa gari."

Vinny alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Yameisha."

Joab alimtazama binti yake. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Kila dereva hukosea," alisema. "Mimi pia. Nikikaa kando yenu ninaangalia kitu kimoja tu, kama mtu akikosea anajua kukanyaga breki, au anazidisha mafuta akitumaini hakuna aliyeona. Huyu wangu amezidisha mafuta muda mrefu, mpaka nikakaribia kupoteza kazi na jina langu. Leo, mara ya kwanza, nimemwona akikanyaga breki." Akamgusa Mokeira begani. "Umechelewa, lakini umekanyaga. Kesho ukanyage mapema, kabla sijakohoa."