Mama Aliita Ijumaa, Mimi Nikaenda Kunywa Kahawa

Nina miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu, wa kwanza Joelle, na nimezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Aliniachia jipi lake la zamani, la kijani, lililokuwa likimpeleka mpaka Pweto kununua samaki wakavu na kumrudisha salama. Wasomaji wenzangu, jipi hilo ndilo lililoniponza... Hapana, nasema uongo! Nilijiponza mwenyewe.

Kila Jumamosi asubuhi, sisi wapenda majipi tunakutana kwenye ua wa mkahawa mmoja kule mtaa wa Golf. Wenye majipi ya zamani wanapaki upande huu, wenye mapya upande ule. Tunafungua boneti, tunakunywa kahawa, tunasimuliana habari za matope. Matope gani? Wengi wao hawajawahi kutoka kwenye lami! Lakini kwa maneno, we acha tu.

Mkubwa wetu alikuwa Didier, rafiki yangu wa miaka mingi, baba wa ubatizo wa kitinda mimba wangu. Ana jipi jipya, jeusi, linang'aa hadi unajiona usoni. Yeye ndiye aliyeleta ile desturi ya vijiko. Jipi la zamani likikutwa na kifaa cha kisasa ndani, watu wote wanagonga vikombe kwa vijiko mpaka mwenyewe afunge boneti kwa aibu.

Mimi niligongewa vijiko Jumamosi tatu mfululizo! Kisa? Rediata na feni. Baba alifunga mpya kwa mikono yake ili gari lisichemke safarini. Didier alicheka akasema, "Muzee aliharibu gari ya origine, ndugu yangu. Hii haiko tena ya zamani."

Iliniuma jamani. Mtu mzima, natetemeka kwa ajili ya vijiko! Nikazunguka kwa wauza vyuma chakavu, nikapata rediata na feni za zamani kabisa, zimechoka lakini za asili. Alhamisi nikang'oa vifaa vya baba, nikafunga takataka hizo. Nilijiona nina akili sana.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama, anayelima kule Lukafu. Sauti yake ilikuwa nzito. "Baba," ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "kuya unitwae. Kichwa kinazunguka, na huu mukono hausikie tena kitu. Infirmière wa zahanati amesema nifike mujini leo."

Leo! Alisema leo, nami nilimsikia vizuri. Nikamjibu, "Mama, vumilia kidogo, nitakuja Jumapili mapema." Akasema haya, Mungu akubariki.

Mke wangu alinikuta napangusa boneti. "Papa Joelle, mama iko mugonjwa, na weye uko unasugula gari?" Nikamfokea aniache. Nilikuwa na sababu gani? Kahawa! Kahawa tu, na watu ambao hata hawajui jina la mama yangu.

Jumamosi nikafungua boneti yangu. Hakuna kijiko kilichogongwa. Walipiga makofi, Didier akanikumbatia, nikapigwa picha... Nilifurahi. Ndiyo, nakiri mbele yenu, nilifurahi sana.

Kikombe kilikuwa bado mkononi pale jirani wa mama alipopiga simu. "Yaya, kaka yangu, kuya mbio! Mama ameanguka, haseme tena!"

Niliondoka bila kuaga. Lami ilipoisha na udongo mwekundu kuanza, nao ulikuwa umelowa wote kwa mvua ya jana yake, jipi likaanza kuhema. Kilima cha kwanza, moshi. Cha pili, likachemka na kuzima kabisa, maji yote chini. Nikalipiga teke mpaka mguu ukavimba. Vifaa vya baba vilikuwa nyumbani, kwenye gunia!

Nikampigia Didier. Nikamwambia mama yangu anakufa, njoo na gari lako. Unajua alijibu nini? "Ndugu yangu, gari nimeisha kuipakala wax ya kung'arisha. Ile barabara na hii mvua, itakwaruza rangi yote. Tafuta bantu ba kukusukuma." Nikawapigia wengine. Mmoja ana wageni, mwingine tairi zake mpya. Majipi kumi na mawili ya kupanda milima, na hata moja halikuthubutu kugusa tope!

Nilikaa pale barabarani saa nne nzima. Kisha nikaona lori la mahindi linakuja kutoka Lukafu, likiyumba kwenye matope. Juu ya magunia alikuwa mama yangu, amefunikwa kitenge, jirani amemshika kichwa. Lori kuukuu la mkulima! Nikapanda juu huku nalia kama mtoto, jipi nikaliacha hapo hapo. Mama alinitazama akajaribu kusema kitu. Mdomo ukaenda upande, sauti haikutoka.

Daktari hakunificha. Alisema mama angeletwa Ijumaa, huenda wangeokoa mengi. Leo mama yuko kwangu, upande wa kulia umekufa, na neno hatamki.

Na bado wale wenzangu wa majipi hawakuniacha! Wiki mbili baadaye walikuja kumwona mgonjwa, majipi sita yamepangwa mbele ya nyumba, yameoshwa. Didier akaomba tumtoe mama nje kwenye kiti ili wapige picha ya pamoja. Niliwafukuza wote kwa ufagio, na Didier nikamwambia asikanyage tena kwangu.

Lakini hasira hiyo ni ya nani hasa? Didier hakupigiwa simu Ijumaa. Niliyepigiwa ni mimi.

Kila asubuhi nampigia mama magoti, nasema, "Mama, unisamehe." Anainua mkono wa kushoto, ule mmoja uliobaki, ananiwekea kichwani. Sijui kama ananibariki au ananisukuma niondoke. Hawezi kuniambia... na sitajua kamwe.

Wewe unayesoma, nakuomba sana, usiishi kwa makofi ya watu wa mkahawani. Mama akisema leo, chukua gari lolote, panda hata lori, nenda leo!