Ruhusa Aliyoitoa Saleha

IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI. STOO YA DUKA LA MABATI, MALINDI.

Farjallah alitia komeo. Kazi hii haikutaka bunduki, ndiyo maana Kenga, dereva na mpiga risasi wa genge, alikuwa amenuna.

"Kampuni ya viwanja ina kompyuta mbili," Farjallah alisema. "Moja hapa, nyengine Kilifi. Zimeungwa kwa waya wa simu. Faili za wenye viwanja ziko Kilifi. Programu ya Musyoka itatoka hapa, iingie kule, ibadili majina. Jumatatu twaviuza."

Musyoka alikuwa fundi wa kampuni hiyo hadi alipofukuzwa, akaunti yake ikafutwa.

"Programu hutumia ruhusa za aliyeianzisha," alisema. "Kama yeye anaruhusiwa kusoma tu, nayo itasoma tu. Tunataka mwenye ruhusa ya kuandika."

Wakamgeukia Saleha, mwendesha kompyuta wa kampuni, anayegawa ruhusa hizo.

"Na kiwanja cha baba?" aliuliza.

Kampuni ilimnyang'anya babake kiwanja cha Barani kwa hila. Tangu siku hiyo mzee alilala kitandani akitazama ukuta. Kwa ajili ya kiwanja hicho tu Saleha alikubali kuiba.

"Kitarudi kwa jina lake," Farjallah alisema. "Yule ni ndugu yangu, tumbo moja."

Saleha alitamani kuisoma programu kwanza. Lakini utamwambiaje ami yako, aliyekulea, nionyeshe nihakikishe? Adabu yetu nyingine ni ujinga mtupu.

"Haya, ami."

SAA SABA KASORO ROBO. OFISINI.

Meneja alikuwa msikitini. Farjallah na Musyoka waliingia; Kenga alingoja nje garini. Saleha aliingiza neno lake la siri, akaipa akaunti yake ruhusa ya kuandika kwenye faili zote za Kilifi. Musyoka akaianzisha programu.

Printa ikaanza kutema karatasi. Saleha akakitafuta kiwanja cha babake. Barani. Mwenyewe: Farjallah Hamad.

"Ami, hili ni jina lako."

"Babako mgonjwa. Ardhi yataka mtu mzima wa afya."

"Na haya mabadiliko yameandikwa nani kayafanya?"

Kando ya kila kiwanja lilikuwapo jina la akaunti iliyokibadili. Saleha. Saleha. Saleha.

"We mwanamke," Farjallah alisema. "Hawatakufunga sana."

Ilimuuma hata akashindwa kulia. Angeweza kuandika jina la babake papo hapo, lakini polisi wangemfuata mzee kitandani. Akaliacha la ami. Kisha akaiondolea akaunti yake ruhusa zote, asiweze yeye wala wao kulifuta.

"Umefanya nini?" Musyoka aliuliza.

Saleha alifunga mlango kwa ndani, akaurusha ufunguo nje kati ya nondo za dirisha. Kenga aliuona ukianguka. Akatia gea, akaenda zake.

"Saleha, mwanangu," Farjallah alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi ni baba yako pia."

Saleha alikuwa ameshainua simu.

"Polisi? Kuna wezi watatu ofisi ya viwanja," alisema. "Mmoja ni mimi."