Kutu Chini ya Rangi Nyeusi

Kila siku baada ya shule Emérence alivua sare, akala maharage yaliyobaki tangu asubuhi, kisha akaenda kwenye kibanda cha baba yake nyuma ya nyumba. Papa Grégoire ndiye aliyekuwa mpaka rangi wa pikipiki peke yake katika Mushaki nzima. Miaka ile ya sitini pikipiki zilikuwa chache huko Masisi, mashariki ya Kongo, na mwenye nayo aliitunza kama fahali. Tangi lililotoka mikononi mwa Papa Grégoire liling'aa hata ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake.

Kibandani walisaidiana na Kamaliza, mtoto wa shangazi yake Emérence. Mama yake Kamaliza alikuwa amefariki, na tangu hapo aliishi kwa mjomba. Wasichana wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, na walisoma darasa moja. Emérence alipiga msasa. Kamaliza aliteka maji na kuyamwaga sakafuni ili vumbi lisipande wakati wa kupuliza rangi.

Siku moja Papa Athanase, mganga wa ng'ombe, alileta tangi la pikipiki yake. Rangi ya zamani ilikuwa imebanduka, na kando ya kifuniko kutu ilikuwa imekula chuma.

"Emérence, utasugua mpaka chuma kiwe cheupe," baba yake alisema. "Ukiona doa la kahawia, hata dogo kama jicho la kuku, ujue hujamaliza."

Alisugua siku mbili. Siku ya tatu wenzake wa kwaya walimwita barabarani, mazoezi yanaanza. Mashimo ya kutu yalikuwa bado. Emérence alichukua mastiki, ule ujiuji mzito wa kuziba mikwaruzo, akayajaza mashimo na kusawazisha juu kwa kidole.

"Kutu iko hapo chini," Kamaliza alisema taratibu. "Mujomba alikataza."

"Wewe kazi yako ni maji. Kama unataka kusemelea, nenda umwambie mama yako."

Kamaliza alimtazama, kisha akaokota ndoo yake na kutoka.

Papa Grégoire alipaka rangi ya kwanza ya kijivu, kisha nyeusi, matabaka saba, kila moja siku yake. Kila lilipokauka alilisugua kwa msasa laini na maji, mpaka mng'ao ukafa na uso ukawa sawa kama yai, ndipo akapuliza lingine. Mwisho alisugua kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa cha pamba, siku nzima, mpaka weusi ule ukaonekana una kina, kama maji ya kisima. Papa Athanase alipoliona alicheka kwa furaha. Emérence naye alisifiwa, akapokea sifa bila kuinua macho.

Mvua za mwezi mmoja zilitosha. Siku ya soko Papa Athanase alisimamisha pikipiki mbele ya watu wote. Kando ya kifuniko rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na alipoligusa moja kwa ukucha likapasuka, unga wa kahawia ukamwagika.

"Hii njo kazi ya Grégoire?" aliuliza kwa sauti. "Anapaka rangi juu ya kidonda!"

Watu walicheka. Papa Grégoire aligeuka, uso umemkauka. "Nani aliweka mastiki juu ya kutu?"

Emérence aliona mkono wa baba yake ukifungua mkanda.

"Ni Kamaliza," alisema.

Kamaliza alifungua kinywa. "Mujomba, si mimi..."

Hakupewa nafasi ya kumaliza. Alipigwa palepale, katikati ya mafungu ya viazi na vibuyu vya maziwa, na hakuna mtu mzima aliyenyoosha mkono kuzuia. Wengine walisema mtoto wa kulelewa ndivyo alivyo. Kesho yake Papa Grégoire alimfungia nguo zake katika kitenge kimoja, akamwambia aende kijijini Muheto kwa bibi yake mzaa baba, bibi Mukabaranga. Alikwenda kwa miguu, peke yake, mitihani ikiwa imebaki wiki tatu.

Kazi ilianza upya. Emérence alikwangua mastiki yake mwenyewe huku baba yake amesimama nyuma.

"Ona roho ya mtoto yule," baba alisema. "Nilimlisha, akanificha kutu."

Emérence alisugua mpaka ncha za vidole zikatoka damu. Shuleni nafasi ya Kamaliza ilikaa wazi. Kisha Védaste, kijana aliyeuza maziwa, akaleta habari: Kamaliza anawalimia watu mashamba Muheto, na majeraha ya mgongoni yameoza.

Emérence aliweka msasa chini. "Papa, ni mimi. Kamaliza alinikataza."

Alifumba macho akingoja mkanda. Haukuja. Alipofumbua, baba yake alikuwa amekaa juu ya ndoo, amejishika kichwa.

Kesho yake yeye na baba yake walitoka alfajiri wakafika Muheto jioni. Kamaliza alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka. Emérence alipiga magoti na kuomba msamaha. Kamaliza aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Mama, niruhusu nimrudishe shuleni," Papa Grégoire alisema.

"Kwanza apone," bibi Mukabaranga alijibu. "Halafu utamusafisha jina mbele ya watu uliomupigia mbele yao. Mimi nitakuwepo."

Kamaliza alipona, lakini mitihani ilikuwa imepita. Ilimbidi arudie mwaka mzima, na Emérence akapanda darasa bila yeye. Siku ya soko Papa Grégoire alisimama mbele ya watu, Papa Athanase akiwemo, akasema binti yake ndiye aliyekosa, na yeye mwenyewe alimpiga mtoto asiye na kosa bila kumsikiliza. Safari hii hakuna aliyecheka. Tangi lilikuwa limekwisha kupakwa upya, jeusi na safi, lakini hakuna aliyelitazama.

Bibi Mukabaranga alimshika Emérence bega.

"Mutoto wangu, uvivu wako uliharibu chuma, na chuma kimetengenezwa. Uongo wako uliharibu mwaka wa mwenzio. Huo hakuna fundi wa kuurudisha. Kosa lako liseme lingali dogo, likiwa lako peke yako. Ukichelewa, mwingine atalilipia kwa ngozi yake." Kisha akamgeukia Papa Grégoire. "Na wewe, sikio lako litangulie mkono."

Emérence alimnyooshea Kamaliza mkono ili ambebee mzigo wa nguo aliorudi nao kutoka Muheto. Kamaliza alimwekea mzigo mkononi.

"Beba," alisema. "Lakini usitembee karibu nami. Bado."