Nzuri ya Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa na jibu moja tu. Habari za kazi? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Hata siku aliyojichoma sindano ya kushonea soli, alijibu nzuri huku akinyonya kidole.

Asubuhi moja alikuwa kibandani kwake, viatu vya watu vimemzunguka. Mkewe alikuwa kando akipaka soli gundi. Akaja binti mmoja, kitambulisho shingoni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiatu kimekatika?"

"Hapana, baba. Mimi ni mtafiti wa huduma za afya. Siuzi dawa wala sichukui damu ya mtu. Nauliza watu wanavyohudumiwa kliniki, ili kasoro zirekebishwe. Jina lako sitalitaja kwa mtu. Na kama hutaki kujibu, kataa tu."

"Uliza, mwanangu. Mimi natibiwa presha palepale."

"Huduma ikoje?"

"Nzuri."

"Na dawa?"

"Nzuri tu."

Mkewe alicheka hadi brashi ya gundi ikamponyoka. "Dawa nzuri ipi, baba watoto? Si zimeisha zamani? Jana si ulishika ukuta kwa kizunguzungu?"

Fundi akainamia kiatu. Aliona haya. Wauguzi wale walikuwa watu wema, walimwita baba. Atawachongeaje?

Mtafiti hakumcheka. Alivuta kigoda, akakaa.

"Kosa ni langu, baba. Nauliza vibaya, ndiyo maana mtaa mzima umenijibu nzuri. Hebu nisimulie siku yako ya mwisho kliniki, tangu ulipotoka nyumbani."

Hapo ulimi ukafunguka. Kusimulia hakukuwa kumsema mtu. Fundi akaeleza alivyotoka alfajiri, alivyokaa kwenye benchi mpaka jua likawa la utosi, na wateja walivyokuta kibanda kimefungwa, wakaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

"Dawa zilipoisha sikurudi, na mwili haukuniuma popote," akasema. "Nikajua nimepona."

"Presha haipigi hodi, baba. Inapanda kimyakimya, inaharibu moyo na figo, inaleta kiharusi. Dawa usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Na hicho kizunguzungu si cha kungoja. Nenda leo."

"Na ile foleni?" mkewe akauliza.

"Ndiyo tunayoishughulikia, mama. Kliniki ilizoea homa. Mtu anakuja, anatibiwa, anapona, kwaheri. Siku hizi presha na sukari zimeongezeka, na mgonjwa anarudi kila mwezi. Magonjwa yamebadilika, utaratibu ni uleule. Tukijua kinachowakwamisha, kliniki inaweza kujaribu njia nyingine."

"Kumbe nzuri yangu imewapoteza njia," fundi akasema.

"Imetuzungusha kidogo," mtafiti akajibu, na wote watatu wakacheka.

Siku hiyohiyo mkewe alifunga kibanda, akamsindikiza kliniki. Presha ilikuwa juu sana. Fundi akaanza tena dawa.

Masimulizi ya watu yalipokusanywa, kliniki ikabadili utaratibu. Kila mgonjwa wa presha akapewa saa yake. Wenye kazi za mchana wakapangiwa jioni. Mwanzoni wauguzi walinuna, maana nao wana watoto wanaowasubiri nyumbani. Zikapangwa zamu upya, mambo yakaenda.

Fundi akawa anafunga kazi, ananawa gundi mikononi, anaenda na mkewe. Jioni moja muuguzi alimpima, akampima tena, kisha akatabasamu.

"Imeshuka, baba. Imetulia kabisa. Endelea hivyohivyo na dawa."

Mkewe alikaa kwenye benchi ghafla, machozi yakamtoka.

"Mama watoto! Habari njema hizi, unalia nini?"

"Usiku nilikuwa silali," akasema. "Nilikuwa nasikiliza kama unapumua."

Fundi alimwinua. Akamshika mkono mbele ya wagonjwa na wauguzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi yao, wakaenda nyumbani kulala.