Jaketi Nililolishona Mimi

Jioni ile nilishuka kambini kuanua majaketi ya kuokolea, yale wanayovaa wageni kwenye boti, mwanangu mgongoni kasinzia. Kazi yangu ndiyo hiyo: kufua, kuanika, kushona yaliyochanika. Mahema yote matupu, wageni wako ukingoni mwa korongo wanapiga picha machweo.

Nikasikia matone. Tii... tii...

Majaketi yalikuwa yamekauka tangu saa nane.

Ikaja harufu ya tope. Kugeuka hivi, mwanamke kasimama katikati ya kamba, nywele zimemganda usoni, kavaa jaketi namba kumi na saba. Namba kumi na saba lilizama na mgeni aliyelivaa mwezi uliopita, kwenye maporomoko, klipu ya kulifungia kifuani ilipofumuka.

Klipu ile niliishona mimi. Jaketi lilikuwa la kutupa, ila wakaguzi walikuwa wanakuja na idadi isipungue, nikaipachika kwa uzi wa sweta. Wallahi nilitaka kuliondoa kesho yake.

Nikasahau.

"Dada," akanong'ona, kidole kifuani pale klipu ilipofumuka, "hapa alishona nani?"

Nikarudi nyuma, mkono mgongoni kwa mtoto.

"Sema kweli. Ukinidanganya, nitamchukua huyo wa mgongoni."

Sijui ulimi uliniteleza vipi. "Nahodha," nikasema. "Yule mzee wa boti."

Mzee wa watu, kila asubuhi akimwita binti yangu mchumba wake.

"Haya. Asante, dada."

Akaenda zake. Nyasi alizokanyaga hazikulala.

Asubuhi nahodha akakutwa amekufa hemani kwake, juu ya genge, mbali na mto. Godoro kavu, shuka kavu. Walipomgeuza yakamtoka maji kinywani, maji na mchanga. Wakasema ni moyo. Moyo gani unatapika mchanga?

Msibani nililia kuliko wote. Mkewe akanishika mkono, "Mwanangu, una huruma wewe." Nilitamani ardhi ipasuke.

Leo siku ya tatu. Nimekomea mlango, nimesukumia meza, mtoto nimemfunga kifuani nikamkaza mpaka analalamika. Naandika ili mkikuta chumba kitupu mjue kosa ni langu, mtoto hana lake. Jua ndiyo linazama.

Chini ya mlango panaingia maji.

"Dada," ananong'ona, bila haraka. "Nahodha anakusalimu. Anasema hajawahi kushika sindano."