Kifungo Chekundu cha Mlangoni

Kifurushi kiliibwa mchana kweupe, na mwenyewe alikuwa ndani akikisubiri.

Inspekta alimkuta Bibi Mshonaji mbele ya cherehani yake, macho yamevimba kwa kulia, uzi umefungwa mkononi. Masikio yalishamtupa zamani, basi akabuni ujanja wake: uzi ulipita chini ya meza hadi nje ya mlango, ukaishia kwenye kifungo kikubwa chekundu. Mgeni akivuta kifungo, mkono unashtuka. Wiki nzima bibi wa watu hakutoka hata dukani, akingoja kifaa cha kusikia alichotumiwa na binti yake.

"Uzi haukutikisika," alisema. "Muulize jirani yangu. Yeye ndiye masikio yangu."

Jirani alikuwa ameketi kando ya meza, kapu la kufumia miguuni. "Hakuja mtu, afande. Yule wa pikipiki ni mwizi. Mfungeni!"

Wa pikipiki, mpeleka vifurushi, alikuwa ndani tayari, mahabusu. Kule kituoni alikuwa ameapa: "Asubuhi nilivuta kifungo. Sauti ya mama ikaniambia, 'Weka hapo mlangoni.' Nikaweka, nikapiga picha. Kazi yangu inakwenda hivihivi, afande!"

Kitendawili: uzi umevutwa, mkono haukushtuka.

Inspekta akatoka, akavuta kifungo, akachungulia ndani. Mkono wa bibi umetulia tuli. Akapiga magoti, akaufuata uzi. Chini ya meza ulikuwa umezungushwa kwenye mguu wa meza na kukazwa. Akamwonyesha bibi.

"Hilo si fundo langu," bibi akasema. "Mie hupitisha mara mbili."

Inspekta akamgeukia Jirani. "Ulitoka asubuhi?"

"Kumwaga maji tu."

"Fungua kapu."

"Sufu tupu, afande."

"Fungua."

Chini ya sufu kilikuwemo kiboksi, utepe wake haujakatwa.

"Kumbe sauti ilikuwa yako. Ulimjibu wa pikipiki ukiwa hapo hapo ulipokaa, ubavuni mwa bibi. Kwa nini?"

Bibi Mshonaji, kwa mazoea, akamshika Jirani goti. "Anasemaje afande? Niambie, ndugu yangu."

Inspekta akafungua kiboksi, akamvalisha bibi kifaa, akawasha.

"Haya, mwambie."

"Nilishindwa hata kukitupa," Jirani akalia. "Kwangu hakuna anayeniita. Hapa naitwa kutwa: nani kagonga, fulani kasemaje. Ungepata masikio, ungenitakia nini?"

Maneno yalimfikia bibi yote, hata kwikwi.

"Asubuhi nimelia hapa. Ukanifuta machozi."

"Ndiyo, dada."

"Kikiwa kapuni?"

"Kikiwa kapuni."

Inspekta akapiga simu kituoni wa pikipiki aachiwe, kisha akamshika Jirani mkono. Bibi akachukua mkasi, akaukata uzi mkononi mwake.

"Mfungulie mlango, afande," akasema. "Nataka nimsikie akitoka."