Darasa Lililosoma kwa Sauti Moja

Siku zile darasa la nne lilisoma kwa pamoja. Asubuhi, vumbi la ufagio likiwa bado halijatulia, mwalimu wa darasa aligonga meza kwa rula na msichana aliyeitwa Kengele akaanza. Jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake. Alisoma mstari, wenzake wakaudaka, na hadithi ikatoka madirishani mpaka jikoni, ambako mpishi wa shule aliitikia huku akisugua masufuria. Hata leo, akiwa mtu mzima, Kengele akipita karibu na shule moyo wake huitafuta sauti ile.

Dawati moja aliketi na Kidoti, rafiki yake, mcheshi aliyeweza kumchekesha hata mwenye jino bovu. Wakati wa kusoma, macho ya Kidoti hayakuwa kitabuni. Yalikuwa midomoni mwa Kengele. Kengele alilijua hilo tangu zamani, wala hakuliona kuwa tatizo.

Kisha ukaja waraka wa wizara. Mwalimu aliwaeleza akiwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. Kusoma kwa pamoja basi. Kila mwanafunzi atasoma peke yake mbele ya mkaguzi wa elimu, na asiyeweza atarudishwa darasa la pili. Ukurasa utakaosomwa ni ule wa fundi saa.

"Darasa la pili?" Kidoti alinong'ona. "Si ndiko aliko mdogo wangu! Atanitangaza mtaa mzima."

"Hutarudi popote," Kengele akasema. "Nitakukaririsha ukurasa wote."

Basi wakawa wanakariri njiani, bombani, hata wakifua sare. Kidoti aliumeza ukurasa neno kwa neno.

"Na nikikwama?"

"Vuta pumzi, kama mtu anayefikiri."

"Mimi nikifikiri huonekana kama naumwa tumbo."

Siku ya ukaguzi ilipofika, wanafunzi walikaa nje chini ya madirisha, wakaitwa mmoja mmoja. Mkaguzi alikuwa mama mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Zamu ya Kidoti ilipofika, Kengele alichungulia dirishani, roho mkononi.

"Fundi saa alikuwa na duka dogo kando ya barabara," Kidoti alianza vizuri. "Kila saa aliyoitengeneza aliipa..."

Akanyamaza. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

Kengele hakujua mdomo wake ulifunguka vipi. "Aliipa jina la mwenyewe!" akapaza sauti. Darasa zima, kwa mazoea, likampokea. Wakasoma kwa kichwa mpaka nukta ya mwisho, na mpishi akaitikia kutoka jikoni.

Mkaguzi alimtazama Kidoti. Kidole cha mtoto kilikuwa bado kwenye mstari wa kwanza.

Kengele aliingia bila kuitwa, machozi yakimtoka. "Shikamoo, mama. Kosa ni langu. Nilimkaririsha ili asirudishwe."

"Marahaba," mkaguzi akajibu, kisha akamgeukia Kidoti. "Na wewe, mwanangu, herufi huzijui?"

"Nazijua, mama. Zikikaa pamoja ndipo zinaponishinda."

Mwalimu aliketi taratibu kwenye dawati. "Paa likitetemeka kwa sauti zao nilifurahi tu," akasema. "Sikuwahi kuuliza ni nani hasomi."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta. "Wizara inataka mtoto huyu asome, haitaki aaibike. Nitampa muhula mmoja. Nitarudi mwenyewe kumsikiliza."

Tangu siku hiyo, masomo yakiisha, wawili hao walibaki darasani na mwalimu. "Kazi yako wewe," mwalimu alimwambia Kengele, "ni kunyamaza." Hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo! Kidoti aling'ang'ana na neno, akalivunja vipande, akaviunga, akakosea, akarudia. Kengele aliuma mkono wa sare yake mpaka ukaloa mate.

Muhula uliofuata, mkaguzi alifungua ukurasa ambao hawakuwahi kuufikia. Kidoti alisoma polepole, kidole kikitembea. Alikwama, akarudi nyuma, akaendelea. Nje ya madirisha wenzake walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Alipofika nukta ya mwisho, mkaguzi alitabasamu. "Huyu ni wa darasa la nne," akasema.

Jioni hiyo mwalimu alifunga madirisha huku wasichana wawili wakikusanya vitabu.

"Sauti yetu ya pamoja ilikuwa tamu, nami naikumbuka kila asubuhi," akasema. "Lakini ilimfunika mtu. Ukimpenda mwenzako, wanangu, usimsomee kwa kumficha. Mngoje asome mwenyewe, hata akichelewa. Na asiyejua aseme hajui, ili afundishwe."

Kidoti alikuwa amefungua ukurasa mwingine, midomo ikicheza. Ghafla akaangua kicheko.

"Nini?" Kengele akauliza. "Kuna nini hapo?"

Kidoti alikivutia kitabu kifuani.

"Subiri kwanza," akasema. "Sijamaliza kusoma."